Ramani Ilipotoka Bomani

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa Jeshi la Ulinzi pamoja na ndugu zenu wa Polisi, mazungumzo yetu ya leo yanahusu karatasi. Kila aliyepita chuo cha kijeshi anaifahamu: karatasi yenye mistari ya miinuko, mito iliyotiwa rangi ya buluu, barabara zilizotiwa nyekundu, na aghalabu onyo kwamba haitolewi ovyo. Afisa huikunja akaitia mfukoni, na askari wa cheo cha chini humfuata afisa. Hivyo ndivyo tulivyoizoea ramani. Lakini leo kitu hicho hicho, kilichozaliwa vitani na kulelewa bomani, kimefika mikononi mwa mwanafunzi wa sekondari mwenye simu. Hapana budi tuulize kimefikaje huko, na jambo hilo lina maana gani kwa mtu ambaye kazi yake ni kuamshwa usiku pale mlima unapoporomoka juu ya nyumba za watu.

Mwezi wa Septemba mwaka 1892, Oscar Baumann, mtu wa Austria aliyetumwa na kamati moja ya Wajerumani, aliingia Urundi akitokea mashariki. Msafara wake ulikuwa umeanza safari Tanga mapema mwaka huo, na watu wa pwani walikuwa miongoni mwa waliobeba mizigo na bunduki zake. Yeye mwenyewe aliandika kwamba wananchi walimlaki kwa nyimbo, wakimdhania kuwa ni Mwezi aliyerejea katika nchi yake. Wao waliimba, yeye alipima. Alikuwa na dira na daftari, akaufuata mto Ruvubu akiamini kwamba amefika kwenye chemchemi ya Nile, na mwaka 1894 kitabu chake kilitoka Ulaya pamoja na ramani.

Tazameni basi tarehe zinavyofuatana. Mwaka 1897 Wajerumani walikuwa na kituo cha kijeshi Usumbura. Mwaka 1903, baada ya mapigano, Mwami Mwezi Gisabo alilazimika kukubali masharti ya Kiganda. Mwaka 1912 makao ya utawala yalihamishwa kutoka ziwani hadi Gitega, katikati ya nchi, mahali ambapo mtu aweza kuiangalia milima pande zote. Sisemi kwamba ramani moja ya msafiri mmoja ndiyo iliyoleta hayo yote. Nasema tu kwamba mwenye daftari alitangulia na mwenye boma akafuata, na kwamba katika miaka yote hiyo hakuna Mrundi aliyeonyeshwa karatasi ile akaulizwa kama majina ya milima yake yameandikwa sawasawa.

Watu wa Muyinga wana ushahidi wao juu ya jambo hili, na hawahitaji kusoma kitabu. Upande wa pili wa mpaka wa Kobero ipo nchi iitwayo Bugufi. Ilikuwa sehemu ya ufalme wa Urundi. Wabelgiji walipokuwa wameshika Ruanda-Urundi tangu mwaka 1916 na Waingereza wakiishika Tanganyika, wajumbe wawili wa madola hayo, Milner na Orts, walikubaliana tarehe 30 Mei 1919 namna ya kugawana iliyokuwa mali ya Mjerumani. Katika mgawanyo ule Gisaka ya Rwanda iliingia kwa Waingereza, ikarudishwa baadaye kidogo. Bugufi haikurudi. Leo imo katika wilaya ya Ngara, nchini Tanzania, na watu wa pande mbili za mpaka bado wanaamkiana kwa maneno yaliyo karibu mno na kuulizana habari za mashemeji. Viongozi wa Afrika walikubaliana mjini Cairo mwaka 1964 kuiheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa uhuru, na ni wajibu wenu ninyi mnaolinda Kobero kuulinda mpaka huo kama ulivyo. Sikuitaja Bugufi ili kuamsha madai. Nimeitaja kwa sababu inaonyesha waziwazi kwamba walioketi mezani walikuwa na ramani, na waliogawanywa hawakuwa nayo.

Ramani za enzi ile ziliandika kile ambacho utawala ulikihitaji: barabara ya gari, misheni, soko, boma, mpaka wa mtoza kodi. Lakini Burundi ina tabia moja inayomshinda mchoraji wa kigeni. Kwa sehemu kubwa nchi yetu haina vijiji vya kukusanyika pamoja. Kila familia ina rugo lake katikati ya migomba yake, na nyumba zimetawanyika mlima mzima, kutoka kileleni hadi karibu na bonde. Jirani zetu wa Tanzania walihamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, na tangu hapo mtu aweza kuweka nukta moja kwenye karatasi na kuandika jina la kijiji. Kwetu anwani ya mtu ni mlima. Ukimwuliza mzee wa Gitega anakaa wapi, atakutajia mlima, kisha atakutajia sehemu ya mlima ambayo haimo katika kitabu chochote, labda jina la mti uliokatwa zamani, au la mtu aliyewahi kuwa na ng'ombe wengi. Majina hayo yote hukaa kichwani mwa wenyeji. Mwenyeji akiwa chini ya udongo, jina liko naye.

Hapo ndipo ninyi mnapoingia. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014 maji yalishuka kutoka milimani na kuvamia mitaa ya kaskazini ya Bujumbura. Watu zaidi ya 60 walikufa na maelfu wakakosa makao. Mwanzoni mwa Desemba 2019 ardhi iliporomoka huko Mugina, kaskazini-magharibi, ikafukia makumi ya watu waliokuwa wamelala. Mwezi wa Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika Gatumba. Katika maafa ya namna hii wa kwanza kufika huwa ni jirani mwenye jembe na mtu wa Msalaba Mwekundu wa mlima ule. Anayefuata ni askari au polisi, mara nyingi kutoka kambi ya mbali, ambaye hakuzaliwa pale. Anapewa jina kwa simu au kwa redio ya upepo. Anaambiwa: nendeni Cibitoke. Cibitoke ipi? Upo mtaa wa Cibitoke katika mji wa Bujumbura, na ipo Cibitoke iliyokuwa mkoa, ambako ndiko Mugina iliko. Aambiwe Kinama. Kinama ni mtaa wa Bujumbura, na Kinama vilevile ni kambi ya wakimbizi wa Kongo huko Gasorwe, katika Muyinga. Hiyo ni mifano mikubwa inayojulikana na kila mtu. Ukishuka hadi kwenye milima midogo, majina yanayojirudia ni mengi mno kiasi kwamba dereva wa lori hulazimika kusimama na kuuliza njia panda kila baada ya mwendo mfupi, usiku, mvua ikinyesha, ilhali aliyefukiwa hana saa nyingi.

Sasa turudi kwenye swali letu la mwanafunzi mwenye simu. Mageuzi yalianza mahali ambapo hatungetarajia, yaani Uingereza, nchi ambayo idara yake ya ramani hadi leo inaitwa Ordnance Survey, na neno lile la kwanza maana yake ni mizinga na zana za vita, kwa sababu kazi hiyo iliasisiwa na wanajeshi mwishoni mwa karne ya 18, wakati pwani yao ilipohofiwa kushambuliwa na Wafaransa. Mwananchi wa huko alikuwa akilipa kodi ya kuchorewa nchi yake, kisha akitaka kuitumia michoro hiyo analipa tena. Mwaka 2004 kijana mmoja aitwaye Steve Coast alianzisha mjini London ramani ambayo kila mtu aweza kuichora na kila mtu aweza kuichukua bure. Iliitwa OpenStreetMap. Masharti yake ni mepesi: chukua, tumia, sahihisha, taja ulikoitoa; na kama umeiboresha na kuitoa hadharani, waachie wenzako kazi hiyo kwa masharti yale yale uliyopewa wewe.

Jambo hilo lingeweza kubaki mchezo wa wapanda baiskeli wa Ulaya. Afrika ya Mashariki ndiyo mojawapo ya mahali lilipopata uzito. Mwanzoni mwa mwaka 2008, wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi nchini Kenya, Wakenya wachache na wenzao walitengeneza mtambo wa kupokea taarifa za wananchi kwa simu na kuziweka kwenye ramani: hapa nyumba imechomwa, hapa njia imefungwa, hapa watu wamekimbilia. Waliupa jina la Kiswahili, Ushahidi. Mwishoni mwa mwaka 2009, huko huko Nairobi, vijana wa Kibera walianza kuchora mtaa wao wenyewe, ambao katika ramani nyingi ulionekana kama pahali patupu ingawa umati wa watu uliishi humo.

Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la ardhi liliubomoa mji wa Port-au-Prince, nchini Haiti. Idara za serikali zilianguka pamoja na majengo yake. Makampuni na mashirika yenye picha za angani yalizifungua, na mamia ya watu waliokuwa Ulaya, Marekani na kwingineko, wasioijua Haiti kabisa, walikaa usiku na mchana wakifuatisha kila barabara na kila jengo lililosimama au kuanguka. Katika siku chache mji ambao ulikuwa mistari michache kwenye ramani ile ya wote ukawa na vichochoro vyake. Mtambo wa Ushahidi, uliobuniwa kwa ajili ya Kenya, ulipokea vilio vya watu kutoka kwenye vifusi, na askari wa majini wa Marekani waliopelekwa kule wakazitumia taarifa hizo katika uokoaji. Jeshi lenye nguvu kubwa, lenye setilaiti zake lenyewe, liliazima macho ya raia wa kujitolea. Naomba ndugu zangu maafande walitafakari hilo bila haraka.

Mwaka ule ule 2010 wenye kujitolea wale walijiunga katika chama kiitwacho Humanitarian OpenStreetMap Team. Ugonjwa wa Ebola ulipozuka nchini Guinea mwaka 2014, madaktari wa Médecins Sans Frontières walihitaji kujua mgonjwa ametoka nyumba gani na kijiji gani, na ramani ya Guéckédou ikachorwa na watu wa mbali kwa siku chache. Mwezi wa Novemba mwaka huo chama hicho, madaktari hao, na Msalaba Mwekundu wa Marekani na wa Uingereza wakaanzisha mpango wa Missing Maps, yaani kuchora mahali penye hatari kabla maafa hayajafika.

Karibu nasi zaidi, Dar es Salaam ilianza kazi iitwayo Ramani Huria mwaka 2015. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na cha Dar es Salaam walitembea na wakazi katika mitaa inayofurika, wakaandika mifereji, madaraja ya miguu, na alama ya maji yalipofika ukutani katika mafuriko yaliyopita. Waligundua jambo ambalo Mrundi hawezi kulishangaa: mipaka ya mashina ilikuwa vichwani mwa wajumbe tu. Na huko Mara, katika kazi nyingine iliyoanza mwaka huo huo, vijiji vilichorwa kwa sababu wasichana waliokuwa wakikimbia kukeketwa hawakuweza kufikiwa. Wanaharakati na polisi waliambiwa jina la kijiji, na jina hilo halikuwamo popote. Polisi wanaonisikiliza wanaelewa maana ya kufika asubuhi mahali ulipoitwa usiku.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Picha iliyopigwa kutoka juu huwekwa mbele ya mchoraji, naye hufuatisha paa, njia na mto. Eneo hugawanywa katika miraba ili watu wawili wasichore mahali pamoja, na mtu wa pili hukagua kazi ya wa kwanza. Hayo yote aweza kuyafanya mtu aliye Brussels. Lakini picha ya angani haina majina. Haionyeshi kama daraja la magogo linabeba lori la tani tano, wala haimtofautishi mwalimu na mganga: paa la shule na paa la zahanati ni bati moja. Na katika milima ya Gitega na Muyinga ipo taabu ya ziada, kwani majani ya mgomba hufunika nyumba, na mchoraji wa mbali huona shamba pale ambapo watu saba wamelala. Kwa hiyo nusu ya pili ya kazi lazima ifanywe kwa miguu, na mtu wa pale pale, kwa simu au hata kwa karatasi iliyochapwa na kalamu ya risasi. Ikishakamilika, ramani nzima ya nchi huingizwa kwenye simu na kutumika pasipo intaneti, jambo ambalo kwa mtu aliye bondeni kusikofika mtandao ni kubwa kuliko yote niliyoyataja.

Najua pingamizi linalokuja, maana nimelisikia kwa wanajeshi niliozungumza nao: adui naye ataiona. Ni neno la mtu aliyefunzwa vizuri, na halifai kudharauliwa. Lakini adui wa leo mwenye fedha hununua picha ya angani, na adui asiye na fedha anazo njia zake za porini. Anayenyimwa ramani ikifungiwa kabatini ni kuruta wenu, muuguzi wa Gasorwe, na dereva wa lori la chakula. Mambo ya ndani ya kambi, idadi ya watu na silaha, hayo ni ya kambi, na hakuna aokoaye watu wa Mugina kwa kuyajua. Barabara, zahanati, kisima, shule na jina la mlima ni mali ya wote tangu zamani.

Liko pingamizi jingine ambalo mimi nalihofia zaidi. Wakubwa wetu wanaukumbuka mwaka 1972, na wanaikumbuka miaka iliyofuata 1993. Walijua maana ya majina ya watu kuandikwa kwenye orodha. Mtu akija leo na simu mlangoni pa mama mmoja, akauliza nani anakaa hapa, mama yule akafunga mlango, simlaumu hata kidogo. Ndiyo maana desturi njema ya kazi hii ni kuandika nyumba bila kuandika mwenye nyumba. Kabila, dini na jina la mtu havina nafasi kwenye ramani ya namna hii. Anayevitafuta vitu hivyo, hata akiwa na kitambulisho cha shirika, hachori ramani. Polisi na wamjue.

Serikali yenyewe inazo taarifa nyingi ambazo zingefaa kutoka hadharani zikiwa zimeondolewa majina ya watu. Sensa ya mwaka 2008 na ile ya 2024 kila moja ilitanguliwa na kazi ya kuchora maeneo ya kuhesabia, mlima kwa mlima. Taasisi ya Jiografia ya Burundi inapima mvua na mito. Jukwaa la taifa la kuzuia hatari na kukabili maafa linahitaji vyote viwili mahali pamoja, na komini inavihitaji zaidi. Ruvubu unapita karibu na Gitega, unakwenda kaskazini-mashariki kupitia Karusi, unafika Muyinga kabla ya kutoka nchini. Maji yanayopanda juu ni habari ya watu wa chini, nao hawana budi kuipata kabla ya maji.

Na wakati huu una haja ya pekee. Tangu mwaka 2019 Gitega ni makao makuu ya kisiasa, mji unajengwa na kutanuka. Tarehe 7 Desemba 2021 moto uliteketeza sehemu ya gereza la mji huo, na kwa hesabu iliyotangazwa na serikali watu 38 walikufa. Sisemi kwamba ramani ingeuzuia moto. Lakini bomba la maji la karibu liko wapi, na lori la zimamoto linapita uchochoro gani, ni maswali yanayojibika siku ya amani. Mwaka 2025 mikoa 18 ya zamani ilifanywa 5, na komini 119 zikawa 42. Muyinga haina mkoa wake tena. Imo katika Buhumuza, pamoja na Cankuzo na Ruyigi. Karatasi zilizomo makabatini, pamoja na zile zenye onyo la siri, nyingi zinaonyesha nchi ya kabla ya hapo. Mtu anayeomba msaada atataja komini aliyoizoea. Anayepokea simu atakuwa na orodha mpya mezani.

Askari wa doria anajua njia ipi hukatika mwezi wa Aprili. Polisi wa Kobero anajua kivuko kipi kimechukuliwa na maji. Hakuna mchoraji wa Brussels awezaye kujua hayo, na kuyaandika huchukua dakika chache. Kila Jumamosi asubuhi wananchi hutoka na majembe kwa kazi za pamoja, na wenye sare huwa miongoni mwao, wakitengeneza barabara na kuchimba mifereji. Wanapopumzika, mzee wa mlima akiwa amekaa kwenye ukingo wa mfereji, ndipo pa kumwuliza: huu mwinuko wa kushoto unaitwaje, na ule wa nyuma yake, na lile bonde lililoporomoka mwaka ule, mlilipa jina gani?